Paka wetu alitubu, kumbe alikuwa anaumwa nyonga

Wakuu, heshima kwenu. Hii ilitokea nyumbani kwetu Buyenzi, Bujumbura, uhuru ukiwa bado mbichi. Atakayesema ni chai, anywe tu. Mimi nilikuwepo.

Baba alikuwa fundi magari, muswalihina kweli kweli. Tulikuwa na paka mwizi, Sultani. Mama akikaanga mukeke, yule samaki wetu wa ziwani, lazima apande na mmoja juu ya bati.

Ghafla akaacha. Hapandi, haibi, hapigani. Kutwa kalala pembeni ya mswala wa Baba.

Baba akatangaza kwamba paka ametubu.

Sitanii wakuu. Wageni waliletwa kumwona! Sisi watoto tukikosea tunaonyeshwa yeye: "Muangalie uyu! Munyama anashika adabu, ninyi munashindwa?" Nilimchukia yule paka basi tu.

Aliyeharibu sherehe ni Bibi, mama yake Baba. Alimwona Sultani akitaka kupanda kiti. Anakiangalia, anasita, anarudi kulala.

"Toba gani? Uyu anaumwa nyonga. Mi najua vile kiti inakuwaka kama mulima."

Baba alishtuka. Akachukua aspirini za Bibi, akazisaga, akazikoroga kwenye bakuli la mchuzi wa samaki.

Bahati nzuri daktari wa ng'ombe wa machinjioni alikuwa uani akisubiri pikipiki yake itengenezwe. Alilirukia lile bakuli akalimwaga.

"Apana, fundi! Dawa ya watu inaua paka!"

Akampapasa Sultani mgongoni, akang'atwa. Baba akanong'ona, "Toba imevunjika." Daktari akasema paka mwenye maumivu halii, anatulia tu. Alazwe pa laini, chakula kisogezwe karibu, akandwe kwa kitambaa cha uvuguvugu.

Basi mzee mzima, mikono imejaa grisi, akawa anamkanda paka asubuhi na jioni. "Unajisikia aje, Sultani?" Na kingazi cha mbao akamchongea.

Jioni moja Bibi akamtazama Baba weee, kisha akasema:

"Mwana wangu, mi sijafika soko tangu Ramadhani. We unaambia watu nimetulia, nimeshika ibada."

Kitambaa kilikuwa bado cha moto. Baba aliinuka nacho, akaenda kupiga magoti mbele ya magoti ya mama yake. Nikimkumbuka pale chini naumia mpaka leo.

Funzo: yeyote nyumbani kwako akitulia ghafla, awe na miguu miwili au minne, usianze kumsifu. Muulize panauma wapi. Na paka asipewe dawa zenu, mpelekeni kwa daktari wa mifugo.

Kwenu nani alisifiwa utulivu kumbe anaumwa? Semeni, nasoma zote.