Kanzu Iliyotariziwa Mutuini

Kitambaa kipya cheupe kina harufu yake, ya wanga na ya dukani, na kilipoingia nyumbani kwetu Mutuini, miaka michache baada ya Uhuru, hata kuku walifukuzwa uani. Bi Zuhura, mama wa Kimombasa aliyekuwa na duka la kanzu na kofia katikati ya mji, alikuwa amempa Mama kanzu moja ya majaribio, aitarizi shingo na kifua kwa mkono. Kutarizi Mama alijifunza katika chama cha akina mama kanisani. Bi Zuhura akipendezwa, Mama angekuwa na kazi ya kufanyia nyumbani, karibu na shamba na ng'ombe. Asipopendezwa, kule Karen kulikuwa na Mzungu aliyetaka yaya wa kulala huko huko, wa kurudi kwake Jumapili tu. Baba alishasema si vibaya. Mimi, niliyekuwa nikitumwa chumvi hapo jirani Waithaka, nikaanza kuwakumbuka watu wa nyumbani kabla sijafika dukani, niliona dunia inakwisha.

Wiki ile tuliishi kama wageni kwetu wenyewe. Mvua ilinyesha bila huruma. Mama alitarizi akiwa amekaa kitandani, na mimi nililinda mlango dhidi ya matope, kuku na mdogo wangu Kamau, ambaye kwa uchafu aliwashinda wote. Jikoni, upande wa pili wa ukuta usiofika juu, kuni mbichi ziliendelea kuchemsha githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku. Hilo hakuna aliyelifikiria.

Jumamosi tuliifunga kanzu ndani ya shuka, tukaingia mjini. Bi Zuhura aliitandaza mezani, akaifuata tarizi kwa kidole, polepole. Nilikitazama kidole kile mpaka macho yakaniuma. Kisha akaiinua kanzu hadi puani, akakunja uso.

"Mwanangu," alimwambia Mama, "kanzu hii ni ya kwenda msikitini au ya kuchomea mahindi?"

Kumbe ilinuka moshi. Sisi hatukuusikia, tungeusikiaje, na tumezaliwa ndani yake? Mama aliinamisha kichwa, na mimi nikaanza kulia, kwa sauti ya mbuzi, mpaka wateja wakageuka. Mama akanifinya. Labda ni aibu hiyo iliyomfungua mdomo, maana alinyoosha kidole kwenye chetezo kilichokuwa kikifuka udi chini ya kanzu zilizotundikwa.

"Na hiyo yako, Bi Zuhura, si ni moshi pia?"

Bi Zuhura alimtazama Mama, akanitazama mimi na kamasi zangu, kisha akaichukua ile kanzu na kuitundika juu ya chetezo.

"Leo nimekusitiri," alisema, akimsogezea kanzu nyingine mbili. "Lakini kuanzia sasa, upike nje."

Tukapika nje, chini ya vipande vya mabati, mpishi nikiwa mimi, na mvua ikiuonja ugali kabla yetu.

Siku hizi Mutuini imejaa nyumba za kupangisha, na kila jiko lina gesi. Wapangaji wangu wana kazi nzuri kuliko ya Mama. Wanatoka kabla ya jua na kurudi watoto wameshalala. Wananicheka kwamba mimi mjini ni mpaka nisukumwe, na ni kweli. Jioni binti wa mmoja wao huja mlangoni pangu kuniuliza kama mamake amefika. Namwambia yuko njiani. Mimi swali hilo sikuwahi kumuuliza mtu.