Kichujio cha Kiti Namba Sita

Ilikuwa Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mzee wa kiti namba sita alipomwomba mama yangu wabadilishane nafasi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa naitazama ile ya ukutani, nikipiga hesabu kama nitawahi somo la pili. Niko kidato cha tatu. Jumanne na Ijumaa mwalimu wa darasa huniruhusu kuchelewa ili nimfikishe mama kliniki, nihakikishe amewekwa kwenye mashine, ndipo niende shule.

Kliniki yenyewe ni nyumba kubwa huko Milimani ambayo zamani watu waliishi ndani yake. Sebule ndiyo chumba cha kusafishia damu. Mama alianza kwenda pale kabla sijaingia sekondari, presha ilipomaliza figo zake zote mbili. Damu hutoka mwilini kwa mrija, ikapita kwenye kichujio, kitu cha plastiki kirefu kama tochi, kisha ikarudi kwa mrija mwingine. Pale kwetu kichujio hakitupwi. Huoshwa kwa dawa na mgonjwa yuleyule hukitumia tena na tena mpaka kichoke. Ni cha mtu mmoja tu, kama mswaki.

Mwanzoni kulikuwa na fundi wa kazi hiyo. Alibandika plasta nyeupe kwenye kila kichujio, akaandika majina yote ya mgonjwa, na kabla ya kukifunga alimsomea mwenyewe kwa sauti.

"Si unanijua?" mama alikuwa akimtania.

"Mimi nakujua, mama. Hiki kichujio ndicho hakikujui."

Kisha fundi akaachishwa kazi. Masista, wale wauguzi, walikuwa watatu wakabaki wawili. Saa nne za kusafishwa zikawa tatu na nusu, ili zamu nyingine ya wagonjwa ipate kuingia jioni. Chai ikaisha, blanketi zikaisha, na vile vipimo vya damu vya kila baada ya miezi kadhaa tukawa tunaambiwa tungoje. Kuosha vichujio akapewa mama wa usafi, yule yule anayepiga deki na kufua mashuka. Hakuwa na muda wa kuandika majina marefu, kwa hiyo kwenye plasta akawa anaandika namba ya kiti. Hatukuona ubaya. Kila mgonjwa alikuwa na kiti chake, kama vile kanisani kila mama ana mahali pake na hata mgeni akikosea kukaa hapo anatazamwa.

Kiti cha mama kilikuwa namba nne, kwenye kona. Namba sita iko chini ya feni, na feni ile haina kuzima. Ukiwasha taa inazunguka. Jumanne ile mzee alikuwa na kikohozi.

"Mama watoto," akamwambia mama, "hii feni itanifikisha kwetu Sondu bila nauli. Nipe kona yako leo tu."

"Mzee, na mimi nipeperushwe?"

"Wewe una nyama. Mimi nimebaki koti."

Wagonjwa wote wakacheka. Mama akasimama mara moja. Kwetu mtu wa umri wa baba yako hakuombi kiti mara mbili. Mimi ndiye niliyehamisha kikapu chake, na mimi ndiye niliyemshika mzee mkono hadi kwenye kona. Akaniambia, "Ero kamano, nyathina." Asante, mwanangu. Nilijisikia vizuri, nasema ukweli.

Sista alikuja na sinia. Alikuwa peke yake, mwenzake alikuwa kwenye simu na watu wa dawa. Alifika namba nne, akachukua kichujio cha nne, akamfungia mzee. Akaja namba sita, akachukua cha sita. Niliiona ile sita kwenye plasta, imeandikwa kwa kalamu ya buluu, mkia wake umevutwa. Niliiona kabla hajafunga mrija hata mmoja.

Sikusema.

Hili ndilo ninalotaka kuliandika vile lilivyokuwa, nisijipambe. Sikukosa kuelewa. Nilielewa palepale kwamba kile ni cha mzee. Lakini mimi ni mtu ambaye hata shuleni mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, naangalia dawati. Yule sista ana mdomo. Nikajiambia labda ameshabadilisha plasta, labda wao wanajua zaidi. Nikatazama damu ya mama ikipanda mrija, ikaingia kwenye kichujio, ikakijaza, ikarudi mwilini mwake. Dakika kama kumi hivi nikiwa nimesimama tu na begi mgongoni.

Mama akaniambia, "Wewe huendi shule?"

Ndipo nikamfuata sista. "Sista, ile ya mama si ni ya mzee?"

"Ya mzee nini?"

"Kichujio. Walibadilishana viti."

"Wewe daktari mdogo, umesomea wapi?" Lakini alikuwa ameshageuka kutazama. Akasoma plasta ya mama, akasoma ya mzee. Alizima mashine zote mbili. Mama alinitazama mimi. Mzee alikuwa amelala, kofia imemfunika macho. Walipomwamsha walimwambia mashine yake imepata hitilafu ndogo, akawekewa kichujio kipya, akalala tena.

Mama naye aliwekewa kipya, na alipomaliza zamu yake aliitwa ofisini. Sikwenda shule tena siku hiyo, nikaingia naye. Mkubwa wa kliniki ni mtu mpole, anavaa tai, anaongea kama mtu anayekusomea hadithi.

"Mama, nani aliwaruhusu kubadilishana viti?"

"Mzee alikuwa anasikia baridi."

"Unaona sasa. Hapa si harambee."

Akasema mama atapimwa homa ya ini na magonjwa mengine ya damu, na akaagiza adungwe sindano palepale. Sista ndiye aliyemdunga. Alituambia kwa sauti ya chini kwamba sindano ile husaidia mtu akidungwa mapema, siku za kwanza kwanza, na kwamba ukikawia ni kama bure.

Nikauliza, mimi mwenyewe, "Na mzee?"

Mkubwa akatabasamu. "Mzee tutamweleza sisi wenyewe, kwa wakati wake. Hatutaki kumshtua, ana moyo mbaya." Akasukuma karatasi mbele ya mama. Ilisema wagonjwa walibadilishana viti bila kuruhusiwa na kliniki haina lawama. Mama aliisoma polepole, mdomo ukicheza. Akauliza asipotia sahihi itakuwaje.

"Kuna watu wengi wanaongojea kiti, mama."

Akatia sahihi.

Njiani mama alinishika mkono, jambo ambalo hajafanya tangu nikiwa mdogo. "Usiende kusema," akaniambia. "Hospitali kubwa foleni yake unaijua. Nikitolewa pale, wiki mbili hunioni." Nikasema sawa. Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni. Aliosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Niliwaza kama mzee ana kitu ambacho sasa kiko kwa mama, na kama mama ana kitu ambacho kiko kwa mzee. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyepimwa muda mrefu. Tofauti ilikuwa moja tu: mama alikuwa amedungwa na mzee hakuwa.

Asubuhi ya Jumatano nilivaa sare kama kawaida, nikamuaga mama, nikaenda soko la Kibuye. Mzee huuza makoti ya mitumba upande wa nyuma. Nilimkuta akitundika. Nilizunguka kibanda mara mbili, mama wa kibanda cha jirani akaniuliza kama nataka koti au nataka kuiba.

"Huyo ni wangu," mzee akasema. "Nyathina, mama yuko salama?"

Mimi huandika vizuri kuliko ninavyosema. Kwa hiyo nilitoa daftari, nikachana karatasi ya katikati, nikaandika nikiwa nimeiegemeza kwenye meza yake: kichujio cha nani alifungiwa, cha nani mama alifungiwa, saa ngapi, sindano gani aombe, na kwamba aende leo. Nikaandika pia kwamba niliona nikanyamaza dakika kumi.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akakaa juu ya furushi.

"Mama yako anajua uko hapa?"

"Hapana."

"Basi usiweke jina. Watamfukuza. Nitasema niliota."

Alikuwa akinirudishia kalamu. Niliichukua. Mtu aliyeota hadungwi sindano, kwa hiyo nikaandika jina langu chini ya karatasi, nikamsaidia kushusha makoti apate kwenda.