Hodi Hamsini na Nane

Seline Aketch alifundisha Kiswahili miaka kumi na saba katika shule ya mabati huko Kawangware, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyepiga hodi mlangoni pake akakosa kujibiwa. Ilikuwa sheria yake. Aliyechelewa husimama nje, husema hodi, mwalimu husema karibu, ndipo huingia. Hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, jiondokee kwa amani, mwenye nyumba ana sababu zake. Mtoto aliyejitoma ndani kimya kimya alirudishwa nje aanze upya, hata awe mjukuu wa mwenye shule. Mwenye shule, Mzee Kagiri, ambaye ploti ilikuwa yake na vyoo vyake na hata kile chuma kilichotumiwa kama kengele kilikuwa chake, alizoea kumtania mbele ya wageni: "Huyu anatuletea adabu ya Mombasa kwa matope ya Kawangware."

Seline alicheka naye, maana alikuwa na lake. Jioni alikuwa akisoma. Alipopata shahada ya uzamili alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na magoti yameanza kulalamika. Mwezi wa Agosti chuo kikuu kimoja cha hapa mjini, jina lake silitaji, kikampa somo moja: Fasihi Simulizi, mwaka wa kwanza, wanafunzi hamsini na wanane. Mhadhiri! Siku hiyo hiyo akamwandikia Kagiri barua ya kuacha kazi. Usiache mbachao kwa msala upitao, Waswahili wamesema, na Seline aliufundisha msemo huo kila mwaka, akauwekea maswali kwenye mtihani, kisha akauacha mbachao.

Barua ya ajira ilikuwa na kurasa nne, na sumu ilikuwa kwenye ule wa mwisho. Darasa lisilo na mahudhurio ndani ya mfumo wa chuo litahesabiwa kuwa halikufanyika. Mwalimu ambaye darasa lake la kwanza halikufanyika atahesabiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari. Seline aliisoma akatabasamu. Yeye, akose kwenda darasani? Akatia sahihi.

Mafunzo ya mitambo kwa walimu wageni yalifanyika Alhamisi, katika chumba cha kompyuta, walimu kumi na wawili, wengi wao vijana ambao kwa umri angeweza kuwazaa. Mwelekezi alikuwa fundi wa mitambo aitwaye Billy, kijana wa kutafuna chingamu. Wenzake wote wakaandika majina na nywila, kompyuta zikafunguka. Ya Seline ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa.

"Mfumo haukujui, madam," Billy akasema. Kumbe ofisi ya wafanyakazi ilikuwa imemwandika Celine Akech, jina la mtu mwingine kabisa, na mashine haina huruma ya kukisia. Akatumwa ghorofa ya tatu likarekebishwe. Ghorofa ya tatu kulikuwa na foleni, na mbele ya foleni kulikuwa na mwanamke anayekunywa chai. Aliporudi na jina lake sahihi, wenzake walikuwa wanafunga mikoba.

"Iko easy, madam," Billy alimwambia akiwa tayari amevaa koti. "Linki nimekutumia. Jumamosi saa tatu unabonyeza, unaweka notes zako zijaze screen, unaongea. Inajirekodi yenyewe. Na usishtuke ukiona giza, hao watoto huzima kamera na mic. Hawaongeangi. We ongea tu."

"Na wao wataingiaje?" Seline akauliza. Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa ndilo swali lenyewe.

Billy alikuwa anatazama simu yake. "Watabisha hodi, we unawakaribisha. Ni hivyo tu."

Hodi na karibu! Moyo wa Seline ukatulia tuli. Kumbe dunia hii mpya nayo ina adabu. Hata hivyo, kwa kuwa ni mtu wa kuhakikisha, alimfuata Dkt. Waithira, mkuu wa idara, kwenye ujia, akamwomba mtu wa kumwonyesha mara moja zaidi. Dkt. Waithira hakupunguza mwendo wala sauti. "Madam Seline, hapa ni university. Hatufundishi malecturer kubonyeza." Walimu wawili vijana wakacheka. Seline naye akacheka, kile kicheko cha kuficha meno yanayouma.

Ijumaa akazunguka kwa majirani zake wa Kisumu Ndogo, mtaa wa mabati alikopanga. Chumba chake ni kimoja, na ukuta wa upande mmoja ni bati lile lile ambalo ndilo ukuta wa Nicanor, fundi wa vitanda. Nicanor akaahidi kuweka nyundo chini saa mbili nzima. Mwenye baa akaahidi kupunguza muziki, jambo ambalo hakuwa amewafanyia hata waliofiwa. Wanawake wa omena, wale wauza dagaa wa ziwani, wakaahidi kutogombana hadi saa tano. Mwalimu wao alikuwa anafundisha university, tena kutoka hapa hapa, na kila mtu aliona kipande cha heshima hiyo ni chake.

Jumamosi Seline akavaa suti ya kitenge na viatu virefu, ingawa viatu nani angeviona. Saa tatu kamili akabonyeza. Akajaza kioo kwa maandishi yake kama alivyoambiwa, herufi kubwa nyeusi, FASIHI SIMULIZI. Kompyuta ikalia, *ting*.

"Karibu," Seline akasema.

*Ting*. "Karibu." *Ting, ting*. "Karibuni, karibuni, ingieni mketi." Zilikuja mfululizo, naye hakuruka hata moja. Alijibu kila hodi kwa mdomo wake, kwa sauti ya uchangamfu, akitikisa kichwa kwa kila mmoja. Alisubiri dakika kumi ili wa mbali wafike. Kila aliyechelewa alikaribishwa: "Wewe umechelewa, lakini karibu. Siku nyingine uwahi." Zikazidi hata akapoteza hesabu, akasema moyoni, watoto wa siku hizi wanatukanwa bure, mbona hawa wana adabu hivi?

Na nyuma ya herufi zile kubwa nyeusi, pale asipoweza kuona, kilikuwepo kisanduku kidogo chenye majina hamsini na manane na kitufe kimoja cha kubonyeza. Karibu ya mashine ni ya kidole. Ya mdomo haiijui.

Alifundisha. Mungu wangu, alifundisha! Alieleza ngano na miviga na majigambo. Aliigiza fisi hadi pua ikamkunjamana. Hakuna aliyesema kitu, lakini si aliambiwa hawaongei? Baada ya nusu saa *ting* zikapungua, kisha zikakoma, naye akajua wote wamefika. Akaamua kuwachangamsha.

"Kitendawili!" akaita.

Kimya. Akangoja. Akaita tena, "Kitendawili!"

"Tega!" Nicanor akajibu kutoka upande wa pili wa bati, ameshindwa kujizuia.

Seline akacheka, akaendelea. "Nyumba yangu haina mlango."

Wanafunzi kimya. "Haya, mmeshindwa. Nipeni mji."

"Chukua Kisumu Ndogo!" Nicanor akapaza sauti, na nje wanawake wa omena wakaangua kicheko.

"Nimekwenda Kisumu Ndogo, nimekula samaki nikashiba, nimerudi. Jibu ni yai." Saa tano akawashukuru wanafunzi kwa utulivu wao, akafunga kompyuta. Alipotoka nje alipigiwa makofi. "Japuonj," Nicanor akamwambia, maana hivyo ndivyo mwalimu huitwa kwao, "hiyo university imepata mtu." Seline alirudi ndani akalia kwa furaha. Sitamcheka kwa hilo. Ilikuwa siku njema kuliko zote alizowahi kuwa nazo.

Jumatatu wanafunzi wakapeleka malalamiko. Walikuwa wamesimama mlangoni dakika arobaini, wakabisha na kubisha, mwalimu asiwafungulie. Jumatano Seline akaitwa.

Alidhani ataonana na Dkt. Waithira peke yake. Akakuta idara nzima kuzunguka meza, Billy kando ya projekta, na msichana mmoja nadhifu aliyejulishwa kwake kama Tracy, ambaye hakuelezwa yuko pale kwa nini.

"Kulingana na mfumo," Dkt. Waithira akasema, "Jumamosi haukufundisha."

"Nilifundisha, Daktari. Saa mbili nzima."

"Ulimfundisha nani?"

"Wanafunzi wangu. Walibisha hodi, nikawakaribisha."

"Billy, weka."

Basi akajiona ukutani, mkubwa kama bango, suti ya kitenge na yote. Karibu. Karibu. Karibuni, karibuni, ingieni mketi. Kando ya uso wake, kwa maandishi madogo, palikuwa na neno *Waliopo* na mbele yake tarakimu moja: 1. Mmoja huyo alikuwa yeye. Mwanzoni walimu walibana vicheko. Alipofika kwa "wewe umechelewa, lakini karibu," mtu akapaliwa na chai. Iliposikika "Tega!" kutoka kwenye bati, wakaacha kujizuia, na Dkt. Waithira mwenyewe akapangusa machozi kwa kitambaa. Seline aliketi. Hakuna aliyesema itoshe. Walitazama hadi mji ukatolewa na samaki akaliwa.

"Billy aliniambia niwakaribishe," akasema hatimaye.

"Sasa madam," Billy akajibu, "si nilimaanisha ubonyeze?"

Dkt. Waithira akafungua ile barua kwenye ukurasa wa nne, akausoma wote, taratibu. Ameacha kazi kwa hiari. Seline akaomba Jumamosi moja tu nyingine. Kubonyeza si kitu, akionyeshwa sasa hivi atajua. Alisema "tafadhali" mara mbili mbele ya watu waliokuwa bado na vicheko puani. Dkt. Waithira akamgeukia Tracy akamwuliza kama Jumamosi ana nafasi. Tracy alikuwa nayo. Alikuwa mtoto wa dada yake Dkt. Waithira, na maandishi ya somo alikuwa ameshatumiwa tangu Jumanne.

Seline akarudi kwenye shule yake ya Kawangware kuomba kazi. Mzee Kagiri alimpokea akiwa amesimama getini, hakumwambia aingie. "Kwani university imekuchoka mara hii?" Akamwacha aeleze yote, kisha akasema, "Hodi yako nimeisikia, mwalimu. Lakini nyumba imejaa." Alikuwa amelitunga jibu hilo kabla, ilionekana, kwa jinsi lilivyomfurahisha.

Nani aliivujisha video hakuna anayejua, na Billy anasema si yeye. Ilikuwa kipande cha dakika mbili tu, zile karibu peke yake na Nicanor mwishoni. Kabla ya wiki kwisha iliingia kwenye simu za Kisumu Ndogo. Baa ile ile iliyomnyamazia ndiyo iliyoanza. Akipita, mmoja anagonga meza, *ting*, na wengine wanaitikia kwa pamoja, "Karibuuu!" Walikuwa watu waliompigia makofi. Wanawake wa omena walimtengea nafasi mwishoni mwa safu, akaanza kuuza nao, na hata wao siku zingine walishindwa kujizuia. Nicanor pekee hakucheka. Lakini tangu siku ile hakumtazama usoni tena, akaongeza ubao juu ya bati lile ili sauti zisivuke.

Mwezi wa Januari, mchana mmoja, simu yake ikapokea ujumbe mrefu. Ulitoka kwa Wainaina, mwanafunzi wake wa zamani wa Kawangware, yule aliyekuwa akitembea na viatu mkononi ili visichakae, ambaye Seline alimfundisha insha hadi akaingia chuo.

*Teacher, nimeajiriwa pale chuo. Jana tulikuwa na mafunzo ya mitambo. Wametuonyesha video ya makosa ya kuepuka, wanasema wataionyesha kila muhula. Nilicheka, Teacher. Nilicheka na wengine kabla sijatambua ni wewe. Sikulala. Niko njiani nakuja kukuomba msamaha.*

Seline aliusoma akiwa ameketi kitandani, karai la omena miguuni, akichambua mchanga. Aliusoma mara ya pili. Kila muhula. Akaweka simu kifudifudi.

Haikupita nusu saa akasikia viatu vikisita nje. Vilikuwa viatu vizuri.

"Hodi," sauti ikasema. Bado alikuwa na ile sauti yake ya darasa la sita, ya chini, ya mtoto asiyependa kusumbua.

Seline akainua kichwa. Alimpenda mtoto huyu. Alitaka aingie, aketi, anywe chai, amweleze kazi ilivyo. Neno lenyewe lilikuwa moja, na alikuwa amelisema maisha yake yote. Akafungua mdomo. Alichosikia kichwani kilikuwa *ting*, na meza nzima ikicheka.

"Hodi, Teacher."

Mikono yake ilikuwa ndani ya omena na haikusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Upande wa pili wa ubao, nyundo ya Nicanor ilikuwa imenyamaza.

"Hodi."

Akangoja nje kitambo kirefu, kama alivyofundishwa. Wainaina alikuwa mwanafunzi mzuri. Hakusema ya nne.