Msumeno Niliokichagulia Kijiji

Kaka yangu alifariki mvua zilipokuwa zinaanza. Tuliambiwa ni kikohozi tu, kitapita, nami nikaamini. Tangu hapo nilishindwa kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa na mtu mwenye uso mwema.

Yeye na mimi tulikuwa tukikata kuni kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Kijiji chetu cha ujamaa, si mbali na Usoke, kililima tumbaku, na tumbaku inakula kuni. Majani yakishavunwa hufungwa kwenye fito na kutundikwa ndani ya bani, nyumba ndefu isiyo na madirisha, na moto huwaka chini yake karibu wiki nzima bila kuzimika. Ukizimika katikati, majani huoza yakiwa yametundikwa, na jasho la msimu linakwenda hivyohivyo.

Baada ya arobaini nilipewa wenzangu wa kuvuta nao. Msumeno ule hausukumwi. Unavuta, halafu unamwachia mwenzako avute. Mmoja alisukuma, msumeno ukapinda. Mwingine alishindana nami kama tunavutana kamba. Wa tatu alikuwa mzuri, na huyo ndiye niliyeshindwa kabisa kumvumilia. Nikiinua macho namwona yeye, si kaka. Nikaenda kwenye kamati nikasema tununue msumeno wa moto, huu ambao siku hizi watu huuita chenso. Niliwaeleza kuwa utaokoa muda. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote.

Kamati ilikubali, ikanituma mimi Tabora. Mwenyekiti alisema, "Huyu hadanganyi." Katibu akaongeza, "Na hadanganyiki." Waliniagiza nitafute wa bei tunayoiweza, na niwe nimerudi kabla majani ya chini hayajaanza kuiva.

Nilipanda treni na gogo la mtundu, mti mgumu wa porini kwetu, begani, urefu wa mkono, unene wa paja. Nilijua wenye maduka wanajaribia misumeno kwenye mbao za makasha, ambazo hata kisu kinazikata. Mkata tiketi alilitazama gogo, akanitazama mimi.

"Mzee, Tabora miti imekwisha?"

"Ipo. Lakini siijui."

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, Mwislamu, mzaliwa wa hapohapo mjini, Kiswahili chake safi kuliko changu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishushia msumeno mpya kutoka rafu ya juu. Ulikuwa mwekundu, unang'aa.

"Uwashe," nikasema.

"Mpya hauwashwi dukani, bwana. Nikishautia mafuta si mpya tena."

"Nitajuaje kama unakata?"

"Umetoka kiwandani."

"Kiwandani sikuwapo."

Akatabasamu, na tabasamu lile likanizidishia shaka. Isitoshe, bei ya ule mpya ingemeza akiba yote ya kijiji na bado tusingekuwa na petroli. Akaenda nyuma, akarudi na wa zamani, umechubuka rangi. Alisema aliuziwa na mkulima mmoja mzungu aliyekuwa anahama. Bei yake tuliiweza. "Umezeeka, lakini ni mzima," akasema. "Fundi wangu yuko barazani, atakuwashia."

Fundi alikuwa Mzaramo, aliletwa Tabora na kazi ya reli, akaiacha reli akabaki na mji. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku, kupitia Kwihara, hadi kwao pwani. Mtani hukutukana na hukasiriki. Aliponiona na gogo langu alipiga kofi.

"Haa! Mpagazi wangu! Pembe zimekwisha, sasa mnabeba kuni?"

"Pembe tuliwaletea ninyi, mkazila, hata nauli ya kurudi hamkutupa."

Akacheka. Kisha akaona kichwa changu kilivyonyolewa chini ya kofia. "Nani kafa?"

"Kaka yangu, niliyekuwa nikivuta naye msumeno."

"Amekikimbia kisumeno chenu hicho cha kuvutana! Mnyamwezi mvivu, hata kaburini alitaka abebwe." Akanivua kofia, akaivaa yeye, na kwa mila ikawa yake. Nilicheka. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu mazishi, na nakumbuka kilivyoniumiza mbavu.

Akatia mafuta, akavuta kamba mara mbili, msumeno ukanguruma. Niliuchukua mwenyewe, nikaulaza juu ya gogo langu. Ulipita kwenye mtundu kama kwenye muhogo. Nilikata vipande vinne, nikavipapasa, nikainusa injini, nikatafuta nyufa. Sikuona kitu. Mwenye duka aliingia ndani kuandika risiti.

Fundi akainama karibu yangu. Alikuwa ameacha kucheka.

"Kaka, huo usiuchukue. Krenki yake, ule mhimili wa ndani unaouzungusha, ilikatika, nikaichomelea mimi. Kwa mti mmojammoja utakwenda. Kwa kuni za mabani hautamaliza mwezi."

Nikacheka tena. "Ee, na wewe ndiye utakayeuchukua!"

Nilijua tabia ya watani. Bidhaa yako ataisema mbovu hata kama ni dhahabu, na mkeo mbaya hata kama ni malaika. Na kama hakuwa anatania, basi nilidhani ana mteja wake aliyemwekea. Mwenye duka nilimshuku kwa kusifu, fundi nikamshuku kwa kuponda. Niliyaamini macho yangu peke yake, na macho hayaoni ndani ya chuma. Fundi alinitazama kidogo, akainua mabega, akarudi kwenye kazi yake na kofia yangu kichwani. Katika maneno yote aliyoniambia siku ile, yale tu ndiyo aliyoyaanza kwa kuniita kaka badala ya mtani. Nilikuja kulikumbuka hilo baadaye, lilipokuwa halinisaidii.

Wiki tatu msumeno ulifanya kazi ya watu kumi. Watoto walikuja porini kuutazama. Tukajaza mabani mawili kwa mpigo, jambo ambalo hatukuwahi kuthubutu, kwa kuwa kuni tulijua tutazikata kadiri moto unavyozila. Siku ya tatu ya moto, asubuhi, nikiwa katikati ya mti, kitu kilipasuka ndani ya injini na mnyororo ukasimama. Nilivuta kamba mpaka kiganja kikachubuka.

Kijiji kizima kilitoka na mashoka. Wanawake walibeba mizigo ya kuni mbichi inayotoa moshi kuliko moto. Tuliokoa bani moja. Kwenye lile la pili, majani yaliyokuwa yameanza kuwa ya njano yaligeuka meusi, na harufu yake ilifika mpaka barabarani.

Mkutano uliitishwa kesho yake. Katibu alikuja na karatasi. Alitaka iandikwe barua wilayani, kwamba mfanyabiashara mnyonyaji amekiuzia kijiji chombo kibovu kwa makusudi, achukuliwe hatua. Watu walipiga makofi. Ilikuwa miaka ambayo barua kama ile ilikuwa na nguvu. Duka lingeweza kufungwa.

Kama mwenye duka alijua habari ya krenki, hadi leo sijui. Nilijua tu kwamba mimi niliambiwa. Nikasimama.

"Fundi wake alinionya kabla sijalipa. Sikumwamini, kwa kuwa ni mtani."

Mzee mmoja akauliza, "Alikuonya vipi? Kwa kutania?"

"Hapana. Alikuwa hacheki. Aliyecheka ni mimi."

Katibu akaweka kalamu chini, akanitazama kama nilivyokuwa nimewatazama wale wawili dukani. "Uliambiwa kibovu, ukanunua. Yule Mhindi alikupa nini?"

"Hakunipa kitu." Kisha nikakumbuka. "Alinipa chai. Na sambusa mbili."

Wengine waliangua kicheko. Katibu hakucheka. Alichukua kalamu akaandika chai, akaandika sambusa mbili, akaniuliza kama zilikuwa za nyama. Nikamwambia za nyama.

Barua ya wilayani haikuandikwa. Mimi nilitolewa kwenye kamati palepale, nikapangiwa kukata kuni kwa shoka mpaka mwisho wa msimu, na sikuona kwamba nimeonewa. Kila jioni nilipopanga rundo langu kando ya bani na kutaja idadi ya vipande, alikuja mtu nyuma yangu akavihesabu upya, kimoja kimoja, kwa sauti. Nilikaa pembeni nikamsubiri amalize.