Onyo la Manjano

Anayetaka kuwajua watu wa London asiwatazame siku ya theluji. Awatazame siku tatu kabla, pale simu zinapolia na kusema huenda ikaanguka. Ofisini kwetu, ambako napokea simu na kupanga miadi ya daktari wa meno, mwenzangu wa meza ya pili huanza kukohoa siku hiyo hiyo. Ni kikohozi cha matayarisho, ili kesho asipotokea tusiseme hakutuaga. Meneja hututumia barua pepe ndefu kuhusu viatu. Jioni ukipita dukani unakuta rafu ya mikate ni mbao tupu, na watu wazima wenye akili zao wamekumbatia maziwa ya kutosha kuogea. Halafu siku yenyewe inafika, vinaanguka vichembe viwili vitatu, vinayeyuka kabla ya kugusa lami, na watu wanarudi kazini na sura za walionusurika.

Sisi Wazanzibari wa Ilford hatuna haki ya kuwacheka, lakini mimi nacheka. Shangazi yangu ana miaka zaidi ya thelathini katika mji huu, na bado theluji ikitajwa hujaza ndoo za maji, huweka mishumaa tayari na kuziba dirisha la choo kwa karatasi ya gundi. Yeye haiiti theluji, huiita barafu, na ukimsikia anavyoitamka utadhani itatuangukia kwa vipande vya friji. Amesafisha ofisi zao na kuwaogesha wazee wao, na Kiingereza chake kinamtosha kwenye basi na sokoni. Barua, daktari na hali ya hewa ameniachia mimi nimtafsirie.

Naungama kwamba mimi si mkalimani mwaminifu. Manispaa hutia chumvi barabarani ili barafu isigande, mimi hutia chumvi kwenye tafsiri. Siku nyingine huipunguza. Mwaka mmoja walitangaza upepo mkali, nikamwambia ni upepo wa kukaushia nguo tu, basi akaanika, na shuka lake likaenda kukaa juu ya paa la jirani. Alininunia siku nne.

Sasa ya binti yake. Shangazi ana mtoto mmoja tu, msichana aliyezaliwa hapa hapa, mdogo wangu kwa miaka kumi na mitano, anayekisikia Kiswahili chote na kukujibu kwa Kiingereza. Ameolewa, anakaa Croydon. Alipojifungua, Shangazi alihamia kwake kumlea katika arobaini, kama inavyotakiwa. Siku ya nane mama mtu alipokuwa usingizini, Shangazi akamchukua mtoto, akamkanda kwa mafuta ya nazi na manjano, ngozi ipate kung'aa. Asubuhi ile ile akaja muuguzi kumpima mtoto uzito. Akamfunua, akamwona wa manjano kuanzia kisogoni hadi kwenye nyayo, akasema mtoto ana ugonjwa wa manjano, apelekwe hospitali sasa hivi.

Walikaa huko kutwa nzima. Mtoto alitobolewa kisigino, mama yake akalia hadi sauti ikamkauka. Ukweli ulijulikana pale pamba ya daktari ilipompitia mtoto kifuani ikatoka na rangi. Madaktari walicheka. Binti hakucheka. Alimwambia mama yake mbele yao, "Usimguse tena mtoto wangu bila kuniuliza." Shangazi naye akamjibu kwamba yeye mwenyewe alilelewa kwa manjano hayo hayo na wala hajafa, akachukua mkoba wake, akapanda treni akarudi Ilford na arobaini haijafika hata nusu.

Ikapita miaka miwili. Walisalimiana Sikukuu kwa kupitia simu yangu, kila mmoja akiniambia "mwambie". Mjukuu akaota meno, akatembea, akasema, na Shangazi akayaona yote hayo kwenye kioo changu chenye ufa. Alikuwa akiivuta picha kwa vidole viwili mpaka linabaki jicho moja la mtoto limejaa simu nzima. Sikuweza kumtania wakati huo, na mimi namtania mtu yeyote.

Basi majira ya baridi ya karibuni nikachoka kuwa daraja. Nikamsema binti, nikambembeleza, nikamtia aibu, hata akakubali kumleta mtoto Jumamosi kula chakula cha mchana. Shangazi alipopata habari hakupiga kigelegele wala nini. Aliuliza tu, "Mtoto anakula nini?" na akaanza kufua mapazia.

Jumatano nikiwa kazini, simu zote ofisini zikalia kwa pamoja. Theluji, Jumamosi. Mwenzangu akakohoa. Baada ya dakika kumi ukaja ujumbe wa binti kwa Kiingereza, kwamba kuna onyo la theluji la rangi ya manjano Jumamosi, nimwambie Mama, tutaona. Wanaokaa London wanaijua hiyo "tutaona". Ni "hatuji" iliyovaa koti.

Nilikasirika, lakini mbele yangu kulikuwa na foleni ya watu wameshika mashavu yao. Nikataka kumfikishia Shangazi ujumbe bila kumtia kiwewe. Neno theluji nikalimeza makusudi, maana ningelitaja tu angeanza na ndoo. Nikamrekodia haraka haraka: "Shangazi, mwanao anasema kuna onyo la manjano Jumamosi. Tutaona." Nilijiona mjanja sana. Laiti ningekuwa mtu wa bara ningesema "njano", na nisingekuwa na kisa cha kuandika leo. Lakini sisi kwetu rangi na kiungo vina jina moja, na mimi nilinyonya lugha hiyo pamoja na maziwa.

Ijumaa nikitoka kazini nilipita kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vyakula, mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake kinamtoka bila kikwazo. Dukani kwake mlikuwa mmejaa watu wanaogombania mikate. Aliponiona alinivuta pembeni, karibu na magunia ya mchele.

"Dada, hebu niambie. Manjano imefanya nini?"

"Manjano gani?"

"Shangazi yako amenirudishia pakiti nzima, haijafunguliwa. Anasema kuna onyo. Tangu jana wamama wanne wamekuja kuniuliza kama ni sumu. Mmoja anasema serikali imekataza. Mimi wiki hii nilijiandaa kuuza chumvi na makoleo, sasa niogope manjano pia?"

Nilicheka mpaka nikashika gunia. Kisha nikaacha kucheka, kwa kuwa nilielewa ujumbe wangu Shangazi aliuelewa vipi.

Nilimkuta jikoni amepiga magoti. Nyumba nzima inanuka dawa ya kufulia. Kwenye mfuko wa taka mlikuwa na kopo la manjano, bizari ya mchuzi, chupa mbili za achari ya embe aliyoitengeneza kwa mkono wake, ubao wa kukatia uliokuwa na doa, na mwiko wa plastiki uliobadilika rangi tangu enzi. Alikuwa anasugua vidole vyake kwa ndimu, ukucha kwa ukucha.

"Mwambie nimelisikia onyo lake," alisema bila kuniangalia. "Ana haki. Humu ndani hamna hata chembe. Akitaka apekue."

"Shangazi..."

"Na mchuzi nitaupika mweupe. Tazama ukucha huu, bado?"

Akaninyooshea mkono. Kilikuwa kidole cha mwanamke wa miaka sabini, kimevimba kwa ndimu na maji moto.

Ningeweza kumwambia pale pale. Yangekuwa maneno sita: ni hali ya hewa tu, Shangazi. Lakini akishajua kwamba ni hali ya hewa, angejua pia kwamba hakuna sharti lolote la kulitimiza, na kwamba mwanawe ameshaanza kutafuta njia ya kutokuja. Alivyoelewa yeye, angalau kulikuwa na jambo analoweza kulifanya. Nikajitia hamnazo. Nikamwambia ukucha ni safi, ingawa haukuwa safi, na alipogeuka nikaupiga picha ule mfuko wa taka, na mkono wake pia.

Nilipofika nje nikamtumia binti picha zote mbili na kumweleza kila kitu, safari hii bila kutia wala kupunguza. Nikaona simu inasema anaandika. Ikanyamaza. Anaandika. Ikanyamaza. Nilisimama kwenye baridi kama mtu aliyesahau anapokaa, watu wakinipita na mikate yao. Mwisho likaja swali moja: Chakula ni saa ngapi?

Jumamosi jua likawaka. Wallahi, jua! Jirani yetu, aliyekwisha mwaga chumvi mpaka kwenye maua yake, alisimama mlangoni na koleo lake jipya akiitazama mbingu kama mtu aliyetapeliwa. Saa sita na nusu wakafika kwa treni, mama na mtoto tu, baba yuko zamu kazini. Mtoto amevaa buti na kofia nyekundu yenye masikio.

Shangazi alifungua mlango, akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo. Alimwangalia mtoto, kisha akanigeukia mimi.

"Muulize kama naweza kumshika."

Binti yake alikuwa amesimama hatua moja mbele yake, na kila neno alilisikia. Nilifungua mdomo nitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, sijui hata ningesema nini, lakini hakuningoja. Alimnyanyua mtoto, buti na matope yake, akamweka kifuani kwa mama yake. Shangazi aliitoa mikono nyuma polepole, akamshika kwa viganja tu, vidole amevinyoosha mbali na nguo. Sikuwahi kumwona mtu akimshika mtoto vile. Nilikwenda jikoni kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Chakula kilikuwa kibaya. Lazima niseme kweli. Mchuzi ulikuwa mweupe kama uji wa mgonjwa, na ladha yake ilifanana na rangi yake. Binti alikula sahani mbili. Ya pili aliiomba mwenyewe. Mtoto alimpa bibi yake viazi vyote vya kwenye sahani yake, kimoja kimoja, akimlisha mdomoni, na Shangazi akavila vyote. Mama na binti waliongea juu ya treni, bei za nyumba za Croydon na meno ya mtoto. Ya hospitali hayakuguswa. Lakini waliongea wenyewe, sikuombwa kumwambia mtu kitu, nami nikala kimya kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Saa tisa, binti akiwa ameshaanza kutafuta kofia ya mtoto, mwanga chumbani ukabadilika. Tukatazama nje. Ilikuwa inaanguka, na si vile vichembe vyetu vya kila mwaka. Ilikuwa theluji hasa, nzito, inashuka bila haraka. Barabara nzima ikatoka nje. Watoto wakapiga kelele, wanaume wakainua simu zao juu, na yule jirani wa koleo akaonekana anacheka peke yake. Mjukuu alibandika uso kwenye kioo.

Shangazi hakuzikumbuka ndoo. Hakukumbuka mishumaa. Alisimama katikati ya chumba, anaangalia dirisha, anaangalia koti la binti yake lililokuwa tayari limeingia mkono mmoja, na miaka thelathini ya kuomba dua barafu isije nikaiona inageuka usoni mwake ikawa dua nyingine.

"Hebu angalia simu yako," aliniambia. "Wanasemaje? Inaendelea?"

Simu yangu na ya binti zilikuwa zimelia pamoja dakika hiyo hiyo. Nikasoma. Walisema theluji itakatika kabla ya saa kumi, onyo limeondolewa, treni zinakwenda kama kawaida.

"Wanasema mpaka kesho, Shangazi," nikamwambia. "Na treni zote zimesimama."

Binti aliinua macho kutoka kwenye simu yake. Alikuwa amesoma maneno yale yale niliyosoma mimi. Alinitazama, nami nikasubiri aniumbue. Kisha akamtazama mama yake. Shangazi hakuwa anatuangalia sisi. Alikuwa anamwangalia mtoto pale dirishani, mikono yake ameishika mmoja kwa mwingine.

"Ndiyo, Mama," binti akasema, kwa Kiswahili. "Mpaka kesho."

Akautoa ule mkono kwenye koti, akapiga magoti, akaanza kumvua mtoto buti. Nikainuka nikavuta mapazia, kwa sababu nje theluji ilikuwa imeshaanza kukatika.