Aliyekaa Nyuma ya Kioo

Mtaa mzima ulimwita Chapachapa, na si kwa ajili ya mwendo. Ni vidole. Ukimpelekea barua ya kuomba kazi yenye mwandiko wa kuku, hujamaliza kukohoa imeshatoka kwenye printa, makosa ameyanyoosha, na wewe mwenyewe amekusema kidogo. "Hapa umeandika una bidii. Mwenye bidii angeandika vizuri." Watu walicheka, wakalipa, wakarudi.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja: benchi la wateja, mashine ya kopi yenye homa za mara kwa mara, na kompyuta moja mezani. Kompyuta hiyo aliifufua marehemu mumewe. Virusi vilipoila mara ya pili, aliung'oa mfumo wa zamani akaweka Linux, ule mfumo huria usio na mwenyewe, ambao yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuutengeneza apendavyo. Mkewe alinuna.

"Cha bure hakikosi kasoro."

"Hata mimi ulinipata bure," mume akamjibu. Na ili kumlainisha akaweka picha yake mwenyewe nyuma ya kioo, chini ya madirisha yote ya kazi, anacheka mdomo wazi, pengo la jino likionekana. Basi ikawa kila ukifunga barua za watu, unakutana naye.

Sasa hayupo, mwaka wa pili huu. Picha zake nyingine zipo, ya kitambulisho, ya kazini, ya arusi, na zote amekaza uso kama anasubiri hukumu. Ya kucheka ilikuwa hiyo moja. Simu iliyoipiga ilikufa kabla yake.

Na hiyo ndiyo mama mkwe aliyoijia kila Jumamosi. Macho yake yalikuwa yamefifia. Aliketi kwenye kiti cha mkwewe, Chapachapa akashusha madirisha yote ya kazi, na bibi akaweka kiganja kwenye kioo. Akiondoka, alama ya kiganja ilibaki, na Chapachapa, anayekufokea ukigusa hata kibodi, hakuifuta mpaka Jumatatu.

Ijumaa moja asubuhi umeme ulikatika ukarudi. Kompyuta ikawaka vizuri, mafaili yapo, saa ipo pembeni. Nyuma yake, giza tupu.

Alikaza waya wa kioo. Akazima, akawasha. Akafuta vumbi kwa upindo wa kanga, kana kwamba mume amefunikwa na vumbi. Giza lilibaki pale pale. Wateja akawaambia mashine inaumwa, akaenda mlango wa pili kumwita fundi.

Huyo aliitwa Subiri, maana ndilo jibu lake kwa kila swali. Mtu mzima mwenye familia, mvivu wa kusema, mwepesi wa mikono.

"Kadi ya picha imekufa?" Chapachapa akamuuliza kabla hajaketi.

"Subiri, dada."

"Au ni huu mfumo wenu wa bure? Niliusema mimi!"

"Subiri basi!" Akabofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye lile giza, akafungua mipangilio ya picha ya nyuma, akachagua picha ya milima iliyokuja na mfumo. Milima ikajaa kioo kizima, mizuri, haina habari na mtu.

"Umeona? Kioo kizima. Kadi nzima. Mfumo hauna kosa." Akasogeza kidole. "Ila picha yenyewe haipo. Kompyuta haikuimeza ile picha, dada. Ilishika njia ya kuiendea tu. Kila ikiwaka inakwenda kupiga hodi. Leo imepiga hodi, nyumba haina mtu."

"Nyumba gani?"

"Folda ya vipakuliwa. Shemeji aliishusha humo kutoka kwenye simu yake, hakuihamisha tena. Nani ameigusa?"

Chapachapa akaketi kwenye benchi la wateja.

Duka lile lilikuwa na sheria. Kila Jumamosi jioni, karatasi za wateja zilizoshushwa humo zilifutwa, kwa sababu siri ya mtu hailali kwa jirani. Miaka yote alizichagua kwa mkono, moja moja, akiiruka ile ya mumewe. Lakini Jumamosi iliyopita mteja mmoja alifunguliwa faili lisilo lake kwa bahati mbaya, akasoma barua ya talaka ya jirani yake, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa nayo. Mwenye barua alikuja kusimama mlangoni. Hakutukana. Alisema tu, "Nilikuamini." Chapachapa alifunga mlango, akachagua vyote kwa mkupuo, akafuta, akamwaga na pipa la taka la kompyuta. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa haijazimwa, mume aliendelea kucheka kiooni wiki nzima, naye asijue kwamba anatazama kivuli cha mtu aliyekwisha kuondoka.

Hasira hasara. "Ni mimi," akasema. "Nimemfuta mimi."

Subiri hakumtazama usoni. Alijaribu programu ya kufukua vilivyofutwa, ikazunguka mpaka mchana, ikaleta vipande vya barua za watu na nusu ya tangazo la kiwanja. Wiki nzima ya kuchapa ilikuwa imeandikwa juu ya pale alipokuwa. Ndipo akafunua folda zilizofichwa, zile ambamo mfumo hujiwekea vijipicha ili uyatambue mafaili bila kuyafungua. Kati ya mamia ya vijipicha vya vyeti na vitambulisho, alikuwemo. Anacheka. Mkubwa kama kisanduku cha kiberiti.

Akamtanua ajaze kioo. Uso ukavunjika viraka viraka, kama mtu nyuma ya dirisha lenye mvuke.

"Mwache," Chapachapa akasema haraka. "Usimvute. Mweke katikati, kwa ukubwa wake."

Subiri akabadilisha mpangilio. Picha ikakaa katikati, ndogo, giza limeizunguka pande zote. Kisha akaihifadhi kwenye flashi na kwenye folda yake yenyewe, mbali na mafaili ya wateja. "Mama akija kesho, mwambie umeme umeiharibu. Si uongo sana."

"Umeme una mikono?"

Jumamosi mama mkwe alikuja na mkongojo wake. Akaketi. Chapachapa alisimama nyuma ya kiti, mkono kwenye egemeo.

"Mama, ile kubwa haipo. Niliifuta kwa mkono wangu, nilikuwa na hasira za mambo ya watu. Imebaki hii."

Bibi alinyoosha kiganja kama kawaida yake, kikafunika picha yote. Akakirudisha. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akakaa hivyo, pumzi yake ikiweka ukungu na kuuondoa.

"Pengo lipo," akasema.

"Lipo, mama."

"Siku walipomweka mikononi mwangu alikuwa mdogo. Sikumkataa. Lakini umeniumiza, mwanangu. Nisikudanganye."

"Najua, mama."

"Haya. Vuta benchi ukae. Kwa sasa itabidi tumtazame kwa karibu."

Mteja akachungulia mlangoni na karatasi mkononi, anataka kopi, ana haraka. Chapachapa, ambaye tangu afungue duka hajawahi kumrudisha mtu, hakugeuza hata shingo.

"Kuna mtu," akasema. "Ngoja nje."