Sista Haraka na Mtoto wa Fundi Saa

Alizaliwa katika nchi za Magharibi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, binti wa mshonaji mjane. Jina lake la ubatizo limo katika vitabu vya shirika lake. Sisi tunamwita kama wagonjwa walivyomwita, Sista Haraka, maana alitembea wodini kana kwamba kuna chungu kinaungua jikoni. Alikuwa msemaji, mcheshi, na mkaidi kupindukia. Alipotangaza kwamba anaingia utawa, mama yake alimwambia, "Utawa ni utii, mwanangu, na wewe hata ukiitwa kula unabisha." Alicheka, akafunga kifurushi chake, akaenda.

Shirika lilimtuma ng'ambo, kwenye hospitali ya mji wa Waislamu uliokuwa ukitawaliwa na watu wa kwao Sista. Nyuma ya hospitali kulikuwa na mtaa ambao Waislamu na Wayahudi waliishi ukuta kwa ukuta. Mababu wa Wayahudi hao walikuwa wametimuliwa kutoka Magharibi na Wakristo wenzetu, na Waislamu wakawapokea. Sisemi waliishi kama malaika. Kulikuwa na miaka ya kodi za uonevu na ya mawe kurushwa madirishani. Hata hivyo waliazimana ngazi na ndoo, na walizikana. Mke wa fundi saa, Myahudi, alipojifungua mtoto wa kiume na maziwa yakagoma kutoka, jirani yake Mwislamu, mke wa mshona viatu, alimchukua mtoto akamnyonyesha pamoja na wa kwake. Hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka huo homa iliingia mtaani, na mtoto wa fundi saa akaletwa hospitalini macho yamegeuka. Sasa nieleze jambo ambalo baadhi ya ndugu zangu wangependa niliruke. Siliruki ng'o! Masista wa wodi ya watoto walikuwa na desturi ya kubeba kichupa cha maji mfukoni mwa aproni, ili mtoto yeyote aliye mahututi, awe wa nani, abatizwe kimyakimya kabla hajakata roho. Waliamini wanampa mbingu. Mama alipotoka kutafuta barafu, Sista Haraka alitoa kichupa chake, akammwagia mtoto maji kichwani na kutamka maneno. Asubuhi mtoto akaamka, akalia kwa njaa. Sista, kwa furaha, akamsimulia Mkuu wa shirika, Mkuu akamwandikia Askofu, na serikali ikapata habari. Sheria ya watawala ilikuwa wazi: mtoto aliyebatizwa halelewi na wasio Wakristo. Ikaamriwa achukuliwe Jumatatu, apelekwe kituo cha yatima, naye ana baba na mama!

Mke wa fundi saa alimfuata Sista hadi ukumbini, mbele ya watu wote. "Bibi zetu walikimbia kutoka kwenu kwa sababu ya maji hayahaya," alisema. "Mmetufuata nayo mpaka huku?" Masista wenzake wakamnong'oneza Sista Haraka akane, aseme aliota tu. Akakataa. Alikuwa amekosa, na hakutaka kufunika kosa kwa uongo.

Alikwenda kwa Askofu bila ruhusa, vumbi hadi magotini.

"Sakramenti haifutiki, Sista," Askofu alimwambia.

"Haifutiki, Baba Askofu. Na umama je, unafutika?"

"Sheria ni sheria."

"Basi usitume askari. Nenda mwenyewe, kwa mikono hiyohiyo unayoinulia kikombe cha Bwana, ukampokonye."

Askofu alikasirika, jamani, alikasirika sana. Lakini alikuwa mtu mwenye kumwogopa Mungu, na Jumatatu alikwenda mwenyewe. Alimkuta mke wa mshona viatu amekaa kizingitini mwa nyumba ya jirani yake, mwanawe mapajani.

"Huyo mliyemfuata ni mwanangu wa kunyonya," alisema yule mama. "Katika dini yetu ni ndugu wa wanangu, hawezi hata kuoa kwangu. Maziwa yangu yalimwingia kabla ya maji yenu, Baba. Ukimchukua, nichukue na mimi."

Ndani, mke wa fundi saa alikuwa amemkumbatia mtoto, na wala hakumwomba Askofu kitu. Askofu alisimama pale kofia mkononi, kisha akageuka. Aliiandikia serikali kwamba Kanisa halimdai mtoto huyo, na kwa neno hilo akahamishiwa jimbo la mbali. Vichupa vyote vilikusanywa wodini. Sista Haraka, kwa kwenda bila ruhusa, aliondolewa kwa wagonjwa, akapelekwa kufua mashuka maisha yake yote.

Wafuaji wenzake husimulia kwamba mashuka aliyofua yaliponya vidonda. Sikatai, mashahidi wapo. Ila mimi namtukuza zaidi kwa hili: kila mwaka, siku ileile ya kosa lake, alikwenda kubisha kwa fundi saa kuomba msamaha, na kila mwaka hakufunguliwa. Alisimama kidogo, akarudi kazini.

Alipokuwa anakufa kwa kifua, mke wa fundi saa alikuja mwenyewe, mvi tupu, akiwa na mwanamume mrefu mwenye ndevu. Wauguzi walimsikia akisema, "Sista, sijakusamehe. Lakini nimemleta, umwone." Sista Haraka alimtazama yule mwanamume muda mrefu, akatabasamu, akasema, "Kumbe anafanana na mama yake," na hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Mke wa mshona viatu na mke wa fundi saa walitembea pamoja nyuma ya jeneza lake. Wewe unayemwomba mtakatifu huyu akuombee, nenda kwanza kwenye mlango wa uliyemkosea, ubishe. Wasipofungua, nenda tena.